TIN ya jumuiya si ya mwenyekiti

"Sisi hatufanyi biashara, TIN ya nini?" Suali hili huniijia karibu kila jumuiya mpya hapa Zanzibar inapotoka kwa Mrajis wa Jumuiya na cheti chake cha usajili. Ndugu zangu, TIN ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, si hati ya kudaiwa kodi. Benki wataiuliza mnapofungua akaunti kwa jina la jumuiya, na mfadhili ataiuliza kabla ya kusaini mkataba. Na mkimuajiri japo karani mmoja ambaye mshahara wake unafikia kiwango cha kukatwa kodi, mtamkata kodi na kuiwasilisha ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Bila ya TIN mtaiwasilisha kwa jina la nani?

Namba hutolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, tena bure. Wengi huanzia ZRA, na si ajabu, maana ndiyo Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hivyo TIN inatoka TRA, nao wana ofisi Unguja na Pemba.

Mtatakiwa cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichowachagua viongozi, na uthibitisho wa ofisi ilipo: mkataba wa kukodi au barua ya sheha. Viongozi wawe na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha Taifa, mapema. Msitegemee kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi peke yake.

Panapokwama hasa ni kwenye majina. Cheti kinasema "Jumuiya ya Wakulima wa Mwani", katiba inasema "Umoja wa Wakulima wa Mwani", na muhuri una kifupisho kisichokuwemo popote. Katibu anajuliwa kwa jina la mtaani, nalo ndilo lililoandikwa kwenye muhtasari, ilhali NIDA ana majina matatu mengine. Kaeni kitako, zipangeni karatasi zote mezani, msome herufi kwa herufi kabla hamjapanda gari kwenda Chake Chake.

Linaloniuma zaidi ni jumuiya kutumia TIN ya mwenyekiti "kwa muda". Fedha za mradi zikipita kwa namba yake, kwenye kumbukumbu za TRA zinasomeka kuwa ni mapato yake. Akija kuulizwa kodi, atathibitisha vipi kwamba zilikuwa za visima vya skuli? Na uchaguzi ukimtoa, namba anaondoka nayo. Mshika fedha anayekubali jambo hili anamweka mwenziwe pabaya, hata kama nia ni njema.

Kuna dhana nyengine: kwamba cheti cha Mrajis kinaiondolea jumuiya kodi. Hakifanyi hivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka taasisi ya hisani iwe imeundwa kwa mambo kama kupunguza umasikini, kuendeleza elimu au kutoa huduma za afya na maji kwa umma, na pia iwe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa TRA unaoitambua hivyo. Uamuzi huo mnauomba wenyewe, kwa barua ya peke yake, baada ya TIN. Kamishna ataisoma katiba yenu, hasa kifungu cha malengo na kile kinachosema mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjwa. Katiba inayoruhusu wanachama kugawana kinachobaki itawapa taabu. Irekebisheni kwenye mkutano mkuu, kisha muipeleke kwa Mrajis kwanza.

Mkishapata namba, ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi, hupelekwa TRA ndani ya miezi sita tangu mwaka wa hesabu kumalizika, hata kama mwaka huo hamkupata mfadhili.