Chapa ya mbao si kinyago

Juzi kwenye duka moja la fremu hapa Moshi nilimsikia fundi akimwambia mteja, "Dada, hii ni kazi ya kuchonga, mbao tupu." Picha ilikuwa ya Don Quixote, yule mzee wa riwaya ya Mhispania Cervantes, aliyelewa hadithi za mashujaa: kaketi kitini, upanga juu, kitabu mkononi, majitu na wapiganaji wa vitabuni wamejaa chumba kizima. Dada akapitisha kidole juu ya kioo akiitafuta mbao. Haikuwepo. Ni karatasi.

Chapa ya mbao ni picha iliyopigwa kwenye karatasi kutoka kwenye mbao iliyochongwa. Mbao ni kama muhuri wa ofisi ya mtaa: palipochimbwa hutoka peupe, palipoachwa hushika wino, na kila kitu huchongwa kinyume, wa kushoto akae kulia.

Nadhani neno letu ndilo linalotuchanganya. Tunasema "mchoro wa mbao", na siku hizi kuchora ni kalamu. Lakini fungua kamusi za zamani uone: kuchora ni kukata alama kwenye kitu kigumu, kama nakshi za milango ya pwani. Chapa tumeipata kwa Wahindi, nayo ni alama ya kugonga. Basi mbao huchorwa, karatasi hupigwa chapa. Kinyago hakimo kabisa, maana kinyago ndicho kitu chenyewe unachokishika.

Na hata mbao zina tofauti. Picha ile na wenzake za Don Quixote alizibuni mchoraji Mfaransa Gustave Doré, zikatoka Ufaransa mwaka 1863, na mchongaji alikuwa Héliodore Pisan. Hazikuchongwa kwenye ubavu wa ubao. Ingia bucha yoyote utazame gogo la kukatia nyama: panga linatua juu ya pete za mti. Upande huo ndio uliotumika. Ubavuni nyuzi za mti zimelala, mstari mwembamba ukipita kati yake humeguka. Kwenye pete nyuzi zimesimama, chombo huenda kokote. Ndiyo maana ndevu za mzee unaweza kuzifuata unywele kwa unywele.

Fundi, fremu zako ni nzuri, nami nitarudi. Akija mwingine, mwambie ni nakala ya chapa ya mbao, kabuni Doré, kachonga Pisan. Pisan usimsahau, tafadhali.