Faili la kusafiri na faili la kubaki ofisini

Mwaka 2022, tarehe 19 ya mwezi, saa moja asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa mhasibu wa ofisi moja ninayoihudumia, yenye makao Dar es Salaam na tawi Mwanza. "Shikamoo fundi. Vitabu vya hesabu vimekuwa viwili, na kila kimoja kina vitu ambavyo kingine hakina."

Anayefanya kazi za hesabu Tanzania ataelewa kwa nini sauti yake ilikuwa inatetemeka: ritani ya VAT ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 20.

Kijana wa ofisi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amechoka kuona watu wanatumiana faili la hesabu kwa flashi na barua pepe. Akalihamishia kwenye folda ya mtandaoni, ile inayojisawazisha kwenye kila kompyuta, akawaalika wenzake wa Mwanza. Wiki mbili za mwanzo hapakuwa na shida kwa kuwa walikuwa wanapokezana. Siku waliyofungua wote, Dar saa tatu, Mwanza saa tatu na robo, mfumo ulikuta faili moja limebadilishwa pande mbili. Haukujua lipi la kweli, ukayaweka yote: moja kwa jina lake, la pili limeongezewa maneno ya kuonyesha kwamba ni nakala iliyogongana na mwenzake. Ankara 41 za Mwanza zilikuwa huku, malipo ya wateja wa Dar yalikuwa kule. Tuliamua la Dar ndilo libaki, tukazichapa zile ankara za Mwanza kwenye karatasi, na mhasibu akaziingiza upya moja moja hadi usiku wa manane. Nilikaa naye mpaka ya mwisho. Tangu hapo kila ofisi mpya ninayoingia, kabla sijagusa waya wowote, nauliza: katika kazi zenu, mafaili yapi yanapaswa kusafiri na yapi yanapaswa kubaki yalipo?

Kushirikiana mafaili na kuingia kwenye kompyuta ya mbali watu huyatia kapu moja, lakini kinachopita mtandaoni ni vitu viwili tofauti. Unapomshirikisha mwenzako faili kwa folda ya kusawazisha, nakala yake inakwenda kwake. Sasa ziko mbili, na kazi ya mfumo ni kuhakikisha zinafanana. Unapoingia kwenye kompyuta ya mbali, faili halitoki. Unayekwenda ni wewe: unachobonyeza kwenye kibodi na mwendo wa kipanya chako vinapelekwa kule, na picha ya skrini inarudi. Faili linabaki moja, mahali pamoja.

Barua, mikataba, picha za risiti, jedwali la bajeti, hayo ni ya kusafiri. Mtu analifungua, anaandika, anahifadhi, anafunga. Hata wawili wakitaka kuandika kwa pamoja, Google Docs, au Excel ikiwa faili liko OneDrive, zinajua kupokea mabadiliko ya kila mmoja na kuyaunganisha. Kwa kazi za namna hii folda ya mtandaoni ni msaada mkubwa, na sioni sababu ya ofisi yoyote kuendelea kutumiana "Mkataba mwisho", "Mkataba mwisho kabisa" na "Mkataba mwisho kabisa 2".

Faili la programu ya hesabu kama QuickBooks ya kusakinisha kwenye kompyuta, au Tally, ni habari nyingine. Ndani yake mna hifadhidata. Programu inaandika vipande vidogo vidogo huku na huku muda wote kitabu kinapokuwa wazi, na pembeni panakuwa na mafaili mengine yanayokwenda nacho. QuickBooks, kwa mfano, ina faili lenye mkia .qbw na ndugu yake .tlg anayetunza kumbukumbu ya miamala. Folda ya mtandaoni haijui undugu huo. Inaweza kupakia moja sasa hivi na jingine dakika kumi baadaye, na katikati umeme ukakatika. Halafu kuna ukubwa. Faili la MB 600, kwenye laini inayopakia kwa kasi ya Mbps 5, linahitaji dakika 16 kumaliza. Kama huduma unayotumia inapakia faili zima kila linapobadilika, ankara moja ya shilingi 50,000 imekula dakika 16 na MB 600 za bando. Dropbox hupeleka vipande vilivyobadilika tu, na hilo linaokoa bando, lakini haliwazuii watu wawili kuandika kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ofisi ile tulirudisha kitabu kwenye kompyuta ya Dar, na Mwanza wakawa wanaingia kwa mbali. Hapa wengi hukwama kwenye mambo madogo. Windows ya Home haipokei wageni kwa njia ya Remote Desktop, huduma ya Windows yenyewe ya kuingia kwa mbali. Lazima iwe Pro. Na hiyo Pro inampokea mtu mmoja tu kwa wakati, maana yake Mwanza akiingia, aliyekaa mbele ya kompyuta ile Dar anafungiwa skrini. Tukanunua kompyuta iliyotumika kwa ajili ya Mwanza peke yao, tukaiweka Dar kwenye mtandao wa ndani pamoja na nyingine, tukaipa UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika. Kisha nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, nikaiamuru ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Bila hilo, umeme ukikatika Jumamosi, Jumatatu kuna mtu wa kupigiwa simu aende kubonyeza kitufe.

Sasa hatari. Remote Desktop inasikiliza kwenye mlango namba 3389. Fundi mwenye haraka anaufungua mlango huo kwenye ruta, kila kitu kinafanya kazi, anachukua hela yake anaondoka. Tafadhali, usikubali. Roboti za wahalifu zinapapasa anwani za intaneti usiku na mchana zikitafuta mlango huo, na zikiupata zinajaribu maneno ya siri mpaka moja likubali, kisha mafaili yanafungwa na unadaiwa fidia. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu ulioitwa BlueKeep, uliomwezesha mtu kuingia bila hata neno la siri, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba walikitoa hadi kwa Windows XP waliyokwisha kuacha kuihudumia. Sisi tuliweka VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti, kwa programu ya WireGuard, kati ya ofisi mbili, na 3389 haionekani kabisa kutoka nje. Programu nyingine za kuingia kwa mbali, TeamViewer, AnyDesk na wenzao, zinakuepusha na kazi hiyo ya ruta, nami nazitumia kumsaidia mtu mara moja moja, ila ujue TeamViewer na AnyDesk ni za bure kwa matumizi binafsi tu, si ya ofisi.

Kuna siku nilijifunza faida nyingine ya njia yetu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM, inayotuunganisha na intaneti ya ng'ambo, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikaumia sana. Wateja wangu waliokuwa wakiingia kupitia huduma za nje walikaa wanatazama kiduara kinazunguka, kwa sababu kompyuta zao mbili, hata zikiwa mtaa mmoja, lazima kwanza zikutanishwe na seva ya ng'ambo. Dar na Mwanza wao waliendelea kupitia VPN, kwa kuwa data ilizunguka humu humu nchini. Na wenye folda za kusawazisha walikuwa na nakala kwenye diski zao, wakaandika barua zao kama kawaida, zikapanda siku mtandao uliporudi.

Kati ya wafanyakazi wenzako, piga hodi. Nimemwona dada mmoja ameruka kwenye kiti kipanya kilipoanza kutembea chenyewe, na alikuwa amefungua ujumbe wa familia yake. Simu ya nusu dakika, "naomba kuingia kwenye mashine yako", kisha subiri aseme karibu. Tabia hiyo inawalinda pia, kwa sababu aliyezoea kuombwa atashtuka akipigiwa na mgeni anayejifanya wa benki na kutaka asomewe namba za AnyDesk.

Kwenye folda nako kuna hodi yake. Kiungo cha "yeyote mwenye kiungo" kinafunguka kwa kila atakayetumiwa, na nimekuta orodha ya mishahara ikizunguka hivyo kwenye kundi la WhatsApp. Alika kwa anwani ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa hata mwenye ofisi ya watu watano. Na hakikisha mwenye faili ni ofisi: nyaraka zilizozaliwa kwenye Gmail binafsi ya mfanyakazi ni zake, na akaunti ikifutwa zinakwenda nayo.

Mwisho, folda inayojisawazisha si nakala ya akiba. Ukifuta Dar, Mwanza kunafutika. Ile ofisi, kila Ijumaa saa kumi na nusu, mhasibu anachomeka diski ya nje, anachukua nakala, anachomoa, anaifungia kabatini. Mwezi uliopita nilimwomba arudishe kitabu kutoka kwenye diski ile kwenye kompyuta tupu niliyokwenda nayo. Ilimchukua dakika 25. Tukalinganisha jumla ya wadaiwa kwenye skrini mbili, shilingi kwa shilingi, zikalingana, naye akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi akakibandika juu ya diski.