“Kil” ya Ayalandi si kuua

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: eti miji ya pwani ya Ayalandi inayoanza na “Kil” ilipewa majina kwa sababu ya mauaji, kwa kuwa kwa Kiingereza “kill” ni kuua. Sivyo. Majina hayo ni ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, na “Kil” hapo ni “cill”, yaani kanisa au kijumba cha mtawa. Killybegs, bandari ya wavuvi kule Donegal, ni Na Cealla Beaga: vijumba vidogo vya watawa. Kilkee ni Cill Chaoi, kanisa la Caoi. Waliotumia Kiingereza waliyaandika kwa kufuata sauti tu, maana ikapotea njiani.

Tazama vibao vya barabarani vya Ayalandi: jina la Kigaeli liko juu, kwa herufi za mlazo. (“Kil” nyingine hutokana na “coill”, msitu.) Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.