Mwaka wa Vijana wa Kiyahudi Ugenini: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wakimaliza sekondari, vijana wengi wa Kiyahudi wa Marekani, Uingereza, Afrika Kusini na Australia hawaendi chuo moja kwa moja. Huomba nafasi yao iwekwe, kisha huenda kukaa miezi tisa hivi nchi ya mbali, aghalabu Israeli, wakisoma dini na kufanya kazi za kujitolea. Kwetu Afrika Mashariki habari zao hufika vipandevipande, na kila anayezileta ana lake la kusema. Ndiyo maana mengi yanayosemwa juu yao yamepinda.

"Huo ni utalii uliovishwa joho la dini"

Wanaosema hivi mara nyingi wanafikiria Taglit, ziara ya siku 10 iliyoanza mwaka 1999, ambayo wafadhili na serikali ya Israeli humlipia kijana. Ile ni ziara kweli, wala haijifichi. Mwaka mzima ni jambo jingine, tena la zamani zaidi. Taasisi ya kuwafundisha viongozi wa vyama vya vijana kutoka nje ilifunguliwa Yerusalemu mwaka 1946, miaka miwili kabla ya dola la Israeli kutangazwa. Year Course ya chama cha Young Judaea ilianza 1956. Wala si bure: baadhi ya programu hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Masa, chombo kilichoundwa mwaka 2004 na serikali ya Israeli pamoja na Wakala wa Kiyahudi, hutoa ruzuku ili mtoto wa familia ya kipato cha kawaida naye apate kwenda.

Na kazi ni kazi. Anayetaka kupanda gari la wagonjwa la Magen David Adom, shirika lililoanzishwa mwaka 1930, hupitia kwanza mafunzo ya saa 60, ndipo aingie zamu. Anayepiga simu kuomba msaada haulizwi dini yake, na ndani ya gari lile lile Myahudi na Mwarabu wanaweza kuwa wanamshughulikia mgonjwa mmoja.

Wengine huinama mashambani na shirika la Leket, wakichuma mboga ambazo mkulima ameona hazitamlipa kuzivuna, ziende kwa wenye njaa. Kazi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye Torati. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake au kukusanya masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Anayesoma Biblia anamkumbuka Ruthu Mmoabi akiokota nyuma ya wavunaji wa Boazi. Kijana aliyekisoma kisa hicho asubuhi, mchana akawa kwenye mtaro akijaza kreti, amri ile haiko kitabuni tena kwake.

"Lazima uwe mshika dini"

Hapana. Wapo wanaokwenda yeshiva, yaani shule ya dini, kusoma kutwa Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya sheria ya Kiyahudi, na wapo wa vyama kama Habonim Dror, ambavyo mizizi yake ni ya kijamaa, si ya sinagogi. Wengine hufika hawana hakika kama wanamwamini Mungu. Nao hukaribishwa.

"Mtu hujipata kiroho siku anapougusa Ukuta"

Picha tunazoziona ni za kijana aliyeegemeza paji la uso kwenye Ukuta wa Magharibi, mabaki ya eneo la Hekalu la kale Yerusalemu, machozi yakimtoka. Siyadharau machozi hayo. Lakini mapokeo ya Kiyahudi hayakuijenga imani juu ya siku moja ya hisia kali. Ukurasa wa Talmudi husomwa na watu wawili wawili wakibishana, na ukumbi wa yeshiva una kelele za swali na jibu tangu asubuhi. Sabato huingia jua la Ijumaa linapozama na kutoka usiku wa Jumamosi, kila wiki, uwe na hamu nayo au huna. Anayeishika huzima simu na kukaa mezani na watu, pengine familia ambayo hakuijua kabla. Katika Kutoka 24:7 wana wa Israeli chini ya Sinai waliahidi kutenda kwanza, na marabi wameusifu mpangilio huo kwa karne nyingi: tendo hutangulia, ufahamu hufuata. Kwa maoni yangu ndiyo sababu kujitolea na kutafuta roho vimewekwa katika mwaka mmoja. Kijana anayemwogesha mzee kila wiki anafundishwa dini hata kama siku hiyo hajisikii chochote.

"Ni mlango wa jeshi"

Mgeni wa programu hizi haandikishwi jeshini. Wapo wanaobaki na kujiunga, lakini huomba wenyewe, kwa utaratibu mwingine kabisa.

"Wanakuja kugeuza watu dini"

Wapo wajitoleaji wa Kiyahudi wanaofika hata kwetu Afrika Mashariki, na hofu hii naielewa, maana kwetu mzungu wa kujitolea na mahubiri vimekuja pamoja kwa vizazi. Wayahudi hawana desturi hiyo. Anayetaka kuingia dini yao, rabi wa kimapokeo humrudisha kwanza ili apime nia yake.

Mfano uko karibu. Kule Rwamagana, Rwanda, kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom kilifunguliwa mwaka 2008 kwa juhudi za Anne Heyman, mwanasheria Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini. Aliiga Yemin Orde, kijiji kilichoanzishwa Israeli mwaka 1953 kulea watoto walionusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya. Wajitoleaji wa mwaka mzima, kwa kawaida watu waliokwisha kumaliza chuo na si Wayahudi wote, huishi na familia za pale. Kila nyumba inaongozwa na mama Mnyarwanda, na watoto hubaki na dini zao.

Na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, waliofuata Torati tangu Semei Kakungulu, mkuu wa kijeshi wa Kiganda, alipoikumbatia mwaka 1919, wakaishika kwa siri Idi Amin alipopiga marufuku. Rabi wao, Gershom Sizomu, alitawazwa Los Angeles mwaka 2008. Kijana aliyekulia New York bila Sabato akifika kilima cha Nabugoye Ijumaa jioni, yeye ndiye mwanafunzi.

Maimonides, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 12, alipanga daraja nane za kutoa. Ya juu kabisa ni kumsaidia mtu asimame mwenyewe asihitaji kuomba tena. Kwa kipimo hicho, programu inayomleta kijana wa miaka 18 kupiga matofali ambayo fundi wa kijijini angeyapiga vizuri zaidi na kulipwa, mimi siitetei, hata kama jioni wanaimba zaburi.