Mutuba huvuliwa nguo, haufi

Wanafunzi wakiletwa kutazama vitu vya kale tunavyovitunza, mbele ya lubugo, ile nguo ya Baganda wa Uganda inayotokana na gome la mti uitwao mutuba, huwa hawakosi kuuliza: mkishaubambua mti gome lote, si unakufa? Swali zuri, na wengi wa walimu wao huwa wameshajibu moyoni kwamba ndiyo, unakufa. Haufi. Shina la mutuba likivuliwa huota gome jingine, na mwaka unaofuata fundi hurudi pale pale na kisu chake. Mti mmoja uliotunzwa huweza kuvunwa hivyo kwa miaka 40 hivi.

Siri iko kwenye mkono wa fundi. Mutuba ni wa jamii ya mkuyu; wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Msimu wa mvua, utomvu ukiwa mwingi, fundi hukwangua gome gumu la nje, akakata pete juu na pete chini, kisha akapasua mstari mmoja wima. Gome la ndani halichokolewi kwa chuma. Hulibambua taratibu kwa kipande cha mgomba kilichochongwa ncha, kwa sababu mgomba ni laini na haukwaruzi ule utando mbichi unaoteleza juu ya ubao. Utando huo ndio unaozaa gome jipya. Ukijeruhiwa, mti hubaki na kovu na nguo ya mwakani huwa na tundu. Akimaliza hulifunika shina kwa majani ya mgomba, jua lisilikaushe. Atakayepita njiani aone mti umevikwa majani kiunoni asidhani ni uchawi: huo ni mti uliofungwa bendeji.

Gome la kwanza la mti mchanga huwa gumu na halina thamani kubwa. Nguo nzuri hutoka kwenye mavuno ya baadaye.

Likishalainishwa kwa moto au maji ya moto, gome hulazwa juu ya gogo ndani ya banda lisilo na kuta, kwani kivuli hulizuia lisikauke kabla ya wakati. Ndipo huanza kazi ambayo Baganda huiita kukomaga. Nyundo zake ni za mti, huitwa ensaamu, nazo zimechongwa mifereji: ya kwanza mipana, ya pili ya wastani, ya mwisho myembamba kama mistari ya daftari. Kila nyundo hulitandaza gome zaidi, hata ukanda mwembamba ukawa shuka la kujifunga. Hakuna uzi uliosokotwa wala kitanda cha mfumi. Nyuzi zimejisuka zenyewe ndani ya mti, fundi anazilegeza tu. Jua ndilo linalomalizia kwa kuipa nguo ile rangi ya tofali lililochomwa. Penye tundu hutiwa kiraka na kushonwa kwa mkono, na mimi binafsi navipenda viraka hivyo kuliko sehemu nzima.

Ufundi huu ni wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, na mkuu wa mafundi wake, Kaboggoza, hurithi cheo hicho. Simulizi za ufalme wa Buganda humtaja Kabaka (yaani mfalme) Ssemakookiro, wa mwishoni mwa karne ya 18, kuwa ndiye aliyewaamuru watu wapande mituba na kuvaa lubugo. Mti wenyewe umeingia hadi kwenye muundo wa koo: ukoo hugawanyika kwa amasiga, ambayo sisi tungeyaita mafiga, na kila siga hugawanyika kwa emituba. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika.

Mbona basi hatuivai? Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Misafara iliyopanda kutoka pwani katika karne ya 19 ilibeba merikani na kaniki, na nguo ya pamba ikaanza kuonekana kuwa ndiyo ya kistaarabu. Kanzu nayo ilipanda kwa njia hiyo hiyo, na leo ndiyo vazi la heshima la mwanamume wa Kiganda kwenye harusi. Mgeni amekuwa mwenyeji, mwenyeji amebaki kuitwa msibani.

Maana kazi ya kuvisha maiti haikuisha, wala ile ya kumfunga mrithi begani siku anapotawazwa. Lakini nguo ikionekana tu penye kifo na kwenye vibanda vya waganga, watu huanza kuiogopa. Nimemwona mama akimvuta mwanawe mkono asiiguse. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, inaidhuru lubugo kuliko uhaba wa miti. Huyo mama angekumbushwa kwamba mababu walilalia na kujifunika nguo hiyo hiyo, na kwamba Kabaka Ronald Mutebi II aliivaa alipotawazwa Naggalabi mwaka 1993. Katika makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, lubugo ndilo pazia linalotenganisha watazamaji na sehemu iitwayo kibira, yaani msitu. Na msanii Sanaa Gateja huishonea shanga za karatasi ikawa picha ya ukutani.

Ukienda kununua, inyanyue uitazame kwenye mwanga. Utaona nyuzi zinakatizana ovyo ovyo, bila mpangilio wa nguo iliyofumwa, na unene usiolingana kila mahali. Nyumbani usiifue, wala usiianike juani siku nzima ukidhani unaua wadudu. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Unyevu huiotesha ukungu. Iweke mbali na ukuta unaotoa maji, na uivingirishe kwenye bomba la karatasi gumu kama mkeka. Usiikunje mraba kama shuka: mara nyingi lubugo za zamani tunazoletewa zimekatika pale pale kwenye mikunjo, na mstari huo hakuna kiraka kinachoushika vizuri.