Daktari wa figo ana pepa 312? Hebu tulia kwanza

Jumapili anti alitupa skrinshoti kwa grupu ya familia, daktari fulani wa figo na mambo ya kinga ya mwili, ukimsachi PubMed, ile tovuti ya kusaka pepa za utafiti wa udaktari, analeta pepa 312, na chini anti ameandika HUYU NDIYE, tumpeleke mjomba. Mjomba ako dayalisisi mara mbili kwa wiki kwa hivyo presha ya anti naielewa. Lakini mi kazi yangu ni maktaba ya watu wa risachi hapa Nairobi, kutwa nashinda na hizo orodha, na vile watu huzisoma aki inaniuma.

Eti zote 312 ni zake. Wapi! Kwa orodha ya PubMed jina huwa ni la ukoo na herufi tu, sasa sachi Mwangi J uone, utaletewa Mwangi wa figo, Mwangi wa malaria na Mwangi wa ng'ombe. Za huyo wa anti nilifungua nikakuta kadhaa ni za meno. Ndio maana 2012 ORCID ikaanza kupea watafiti namba, kila mtu na yake, kama kitambulisho.

Na hata zile zake kweli, angalia jina lake limekaa wapi kwa orodha ya waandishi. Kwa pepa za udaktari, wa kwanza mara nyingi ndiye ametoa jasho, wa mwisho ndiye bosi wa maabara, halafu hapo katikati ni aliyeleta sampuli, aliyepiga hesabu, saa zingine majina mia yamebanana kama mat ya Rongai jioni. Kukaa katikati si dhambi, ila usimuite dereva.

H-indeksi nayo, ile namba ya kupima mtafiti, watu wanairusha kama maksi za KCPE. Ilitolewa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wala si daktari: h ya 20 ni pepa 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine mara 20 kwenda juu. Haishuki hata ukistaafu ukaenda kufuga kuku.

Sasa hii ya ati pepa nyingi ndio mchango mkubwa, pia wapi! Kuna ugonjwa unaitwa membranasi nefropathi, kinga ya mwili inageukia vichujio vya figo, protini inavuja, mkojo unatoka na povu kama umekoroga sabuni, miguu inavimba. Miaka mingi hakuna aliyejua kwa watu wazima hiyo kinga inalenga nini hasa, mpaka 2009 Laurence Beck, David Salant na wenzao kule Boston wakatoa pepa MOJA: shabaha ni protini inaitwa PLA2R, na kingamwili za kuikamata walizipata kwa wagonjwa 26 kati ya 37. Leo ni kipimo cha damu, na mwongozo wa 2021 wa KDIGO, shirika la kimataifa la mambo ya figo, unasema kikitoka pozitivu, mgonjwa mwenye dalili zenyewe anaweza asihitaji kudungwa mgongoni kutolewa kipande cha figo. Hiyo moja nitabadilishana na pepa 200 za kurudia yaliyosemwa.

Na usiniambie pepa za panya ni kuchoma pesa. Wazo lenyewe lilitoka kwa panya, 1959, Walter Heymann na wenzake waliwadunga kitu kama supu ya figo wakaanza kukojoa protini. Ukweli ni kwamba panya walisaidia na pia wakapoteza watu njia, manake shabaha yao ni protini ingine, megalini, na kwa binadamu haikuwa hiyo.

Ingine, ati matokeo ya Marekani yanatuhusu moja kwa moja kwa sababu sisi pia ni weusi. Zile aina za jini ya APOL1 zilizotangazwa 2010, zinazoongeza hatari ya figo kuharibika, zimejaa zaidi Afrika Magharibi, huku kwetu ni chache. Soma wagonjwa walitoka wapi.

Yote haya nikamwandikia anti, meseji ndefu kama wosia. Akajibu: sawa mwanangu, kliniki yake ni siku gani? Ikabidi nimwambie huyo si daktari wa kuona wagonjwa, ni PhD, siku yake yote iko kwa maabara na panya. Anti akanyamaza kidogo, halafu: "Na hao panya, bima ya SHA inawalipia?"