Kufundisha Vita vya Maji Maji katika darasa la tano

Mtoto wa miaka kumi anaweza kutaja bila kusita kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, kisha papo hapo akauliza kama Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa upande gani. Tarehe anazo, ila hana mahali pa kuzipanga. Kwa sababu hiyo, katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mimi hufundisha kwanza urefu wa wakati, ndipo niguse tukio lolote.

Mstari wa wakati tunaouchora ubaoni hautoshi kwa kazi hiyo, kwani ubao ni mfupi na matukio yote huonekana kama yamepakana. Huwatoa wanafunzi uwanjani, tukakubaliana kwamba hatua moja ni miaka kumi, kisha tukaanza kurudi nyuma kutoka mwaka huu. Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961 huwa uko hatua sita na ushei, Maji Maji hatua kumi na mbili, na msafiri wa Kiarabu Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, yuko mbali huko kwenye hatua ya sabini hivi, ambako aliyesimama inabidi apige kelele ndipo asikike. Atakayeuliza habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,750,000, namwachia hesabu aifanye mwenyewe: ni hatua 175,000, ambazo kwa miguu ya mtoto zingemtoa Dar es Salaam zikamfikisha karibu na Chalinze.

Baada ya hapo Maji Maji huanza kufundishika. Nasimulia kwa mpangilio: mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima, kisha tarehe 4 Agosti mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, huko Mohoro. Hapo husimama na kuuliza: kama kiongozi aliuawa vita vikiwa havijatimiza hata mwezi, kwa nini mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907? Swali hili lina manufaa kuliko tarehe zote mbili, kwa kuwa hakuna awezaye kulijibu kwa kukariri. Wanafunzi huanza kutaja kodi, kazi za kulazimishwa, pamba na viboko, na polepole hung'amua kwamba Wangoni walikuwa na malalamiko yao na Wapogoro ya kwao, hivyo kifo cha mtu mmoja kisingeweza kuyamaliza.

Darasa hucheka linaposikia kwamba watu waliamini maji yangezuia risasi. Siwakemei, maana kicheko hicho ni mlango mzuri wa kuingilia. Huwauliza ni kitu gani kingine kingeweza kuwaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja, wakiwa hawana bunduki za kutosha wala njia ya haraka ya kupashana habari, na baada ya mjadala huo dawa ile huonekana kuwa pia kiapo cha kushikamana.

Swali la tatu, ambalo baadhi ya walimu huliona kubwa mno kwa umri huu (mimi silioni hivyo), ni hili: tumejuaje? Maofisa wa Kijerumani waliacha taarifa zao, na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita hivyo. Hesabu ya vifo huonyesha vyema tofauti ya vyanzo: serikali ya kikoloni ilitoa idadi ndogo, ilhali makadirio ya baadhi ya wanahistoria hufika watu 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Habari za kunyongwa kwa watu sizielezi kwa undani, lakini njaa siifichi. Kisha wanafunzi huandika daftarini nani alikuwa akihesabu, alihesabu nini, na ni watu gani ambao huenda hawakuhesabiwa kabisa. Wengi huanza na watoto.